Aya ya Saba

Ofisini walimwita Mama Mabano. Jina hilo alipewa na dereva wa idara, mtu wa masihara, siku alipomsaidia kuhamisha mafaili kutoka ghorofa ya pili kwenda ya nne. Faili moja lilimponyoka kwenye ngazi, karatasi zikatawanyika, na alipokuwa akiziokota akaona karibu kila mstari umetiwa ndani ya mabano.

"Mama, hawa walioandika hawana uhakika na neno hata moja?"

Akamweleza kwamba katika mikutano ya mataifa kuhusu tabianchi, neno likiwa ndani ya mabano maana yake bado linagombewa. Siku likikubaliwa, mabano yanaondolewa. Dereva akazitazama zile karatasi, kisha akamtazama na yeye. "Basi wewe ndiye mama yao," akasema, na jina likamganda.

Hakulichukia. Kwa miaka minane kazi yake ilikuwa kuondoa mabano kwenye aya moja tu, aya ya saba ya rasimu ya makubaliano ya bei ya kaboni. Aya hiyo aliiandika mwenyewe kwa kalamu, kwenye mgongo wa kadi ya mwaliko wa tafrija ambayo hakwenda.

Jambo lenyewe halikuwa gumu, ingawa wataalamu walijitahidi kulifanya gumu. Nchi zinazonunua bidhaa za viwandani zilikuwa zimeamua kwamba kila tani ya chuma, saruji au mbolea itakayoingia kwao italipiwa tozo kulingana na hewa chafu iliyotoka wakati wa kuitengeneza. Aliyechafua sana alipe sana. Mama Mabano hakuwa na ugomvi na hilo. Aliamini kwamba moshi usipokuwa na bei hautapungua. Ugomvi wake ulikuwa kwenye kipimo. Kiwanda chenye cheti cha mkaguzi anayetambuliwa kingelipa kwa moshi wake halisi. Kisicho na cheti kingetozwa kwa makisio, na makisio yalichukuliwa kutoka kwenye matanuri machafu kuliko yote, yale yanayokula makaa ya mawe mwaka mzima. Wakaguzi wanaotambuliwa walikuwa wachache, wote wa upande wa wanunuzi, na foleni yao ilikuwa ya miaka. Aya ya saba ilisema kwamba vipimo vya ofisi ya viwango ya nchi bidhaa inakotoka vitambuliwe. Mistari minne tu.

Aliing'ang'ania kwa sababu ilikuwa haki. Lakini aliing'ang'ania pia kwa sababu ya kaka yake.

Kaka yake alikuwa fundi mkuu wa tanuri katika kiwanda cha chuma kilichokuwa nje kidogo ya mji, na kiwandani hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina la kuzaliwa. Walimwita Nyuzi. Alikuwa akivaa miwani yake ya bluu, anachungulia kwenye kidirisha cha tanuri kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, kisha anatamka nyuzi za joto: elfu moja mia sita na kumi. Kipima joto kikishushwa, kinasoma elfu moja mia sita na kumi na mbili. Mafundi vijana walikuwa wakiwekeana dau juu yake, na siku zote aliyeweka dau upande wa kipima joto alijuta.

Lile tanuri lilikuwa la umeme. Nguzo tatu nyeusi, nene kama mapaja ya mtu mzima, zilishushwa ndani ya chungu kikubwa kilichojaa chuma chakavu: fito za vitanda, vyuma vya injini, milango ya magari yaliyogongana. Umeme ukipigwa, ngurumo yake ilitikisa meno kinywani, na baada ya saa moja na ushee takataka zote zile zilikuwa zimegeuka uji mweupe unaowaka. Umeme huo ulitoka kwenye bwawa milimani. Hapakuwa na kipande cha makaa ya mawe katika eneo lote la kiwanda.

Miaka minane nyuma, Mama Mabano alipomtembelea pale na kumsimulia kwamba mataifa yanaandaa tozo ya kaboni mpakani, Nyuzi alivua miwani, akajifuta jasho kwa mkono wa ovaroli, na kuuliza swali moja.

"Hao wa mpakani watajuaje kwamba sisi hatuchomi makaa?"

"Watakuja kupima."

"Lini?"

Miezi miwili baadaye Mama Mabano akaandika aya ya saba.

Tangu hapo mambo ya mkutano na mambo ya tanuri yakawa mazungumzo yao ya kila Jumapili, nyumbani kwa Nyuzi, chai ikiwa mezani. Nyuzi, ambaye shule aliiacha mapema, akajifunza tofauti ya rasimu na azimio, na ya mabano na nukta. Alimbana mwenye kiwanda mpaka akafunga mita mpya ya umeme kwenye tanuri peke yake, ili kila tani ijulikane imekula uniti ngapi. Watu wa ofisi ya viwango walikuja, wakapima, wakaweka muhuri. Wifi yake, mke wa Nyuzi, ambaye alikuwa mshonaji wa sare za shule, alikuwa akiwasikiliza huku anakata vitambaa sakafuni. Siku moja akasema, "Nyie wawili mnaizungumzia hiyo aya kama mchumba. Itaolewa lini?" Wakacheka wote watatu.

Mwaka mmoja kabla ya mkutano wa mwisho, mwenye kiwanda, ambaye naye alikuwa amesikia harufu ya tozo, alitoa tangazo. Mfanyakazi anayetaka kuondoka kwa hiari angepewa kiinua mgongo kamili pamoja na mishahara ya miezi kumi na minane. Ofa ilikuwa ya siku thelathini. Watu wakamzunguka Nyuzi. Walijua dada yake yuko wapi na anafanya nini. Fundi wa winchi, mwenzake wa miaka ishirini, mtu aliyekuwa akimimina chuma kwa ishara ya kidole cha Nyuzi, ndiye aliyewasemea wenzake.

"Tuambie, kaka. Tuchukue au tubaki?"

Nyuzi aliwaambia wangoje. Jumapili hiyo alimuuliza mdogo wake, na safari hii hakutabasamu.

"Hao watu wana watoto. Usinijibu kama mtu wa wizara. Itapita au haitapita?"

Mama Mabano alifikiria. Mabano kwenye aya ya saba yalikuwa yamebaki mawili. Nchi arobaini na moja zilikuwa zimeahidi kuiunga mkono. Mjumbe wa upande wa wanunuzi, mtu mgumu kuliko jiwe, alikuwa amemwambia kwenye korido kwamba haoni sababu ya kuikataa.

"Itapita," alisema.

Nyuzi alikwenda akawaambia watu wabaki. Kati ya wafanyakazi mia mbili na kumi, walioichukua ile ofa walikuwa kumi na tisa.

*

Mkutano ulichukua wiki mbili na ukapitiliza. Ulifanyika kwenye majengo ya maonyesho ya biashara, kumbi kubwa zisizo na madirisha, kiyoyozi kikali hata wajumbe wa nchi za joto wakawa wanajifunika makoti mapajani. Ujumbe wao ulikuwa wa watu saba, ukiongozwa na waziri ambaye wote walimwita Mheshimiwa.

Mheshimiwa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Mama Mabano baadaye, kwa sababu mtu mbaya angemchukia akapumzika. Alikuwa mcheshi, anakumbuka majina ya watoto wa wasaidizi wake, anauliza mgonjwa wako anaendeleaje na anangoja jibu. Mambo ya kiufundi hakuyajua, wala hakujifanya anayajua. "Mimi nakutegemea wewe," alimwambia siku ya kwanza, akimgusa bega. "Aya ya saba ni ya kufa na kupona."

Ijumaa jioni bano moja liliondolewa. Likabaki moja, lile lililozunguka neno "vitambuliwe". Mama Mabano alimtumia kaka yake ujumbe mfupi: limebaki moja. Nyuzi akajibu: kaza.

Jumamosi saa nane mchana wakaitwa kwenye kikao cha mwisho. Maandishi yaligawiwa mlangoni, kurasa thelathini na nne, bado zina joto la mashine. Mama Mabano alianza kusoma akiwa bado anatembea, akagongana na mtu, akaomba radhi bila kuinua macho. Akaifikia aya ya saba.

Hapakuwa na bano. Hapakuwa na neno "vitambuliwe" pia. Aya ya saba sasa ilisema kwamba wanachama wanatambua umuhimu wa kujenga uwezo wa upimaji katika nchi zinazouza, na kwamba kwa ajili hiyo kitaanzishwa Kituo cha Mafunzo, na jina la nchi ya kituo hicho likafuata. Ilikuwa nchi yao.

Aliisoma mara tatu. Kisha akaenda kuketi mahali pake, kiti cha pili, kulia kwa Mheshimiwa, na kumwekea karatasi mbele yake huku kidole kikiwa juu ya aya.

"Mheshimiwa, wamebadilisha."

"Nimeona," alisema Mheshimiwa. Hakuiangalia karatasi. "Tuliongea nao asubuhi, wakati wa kifungua kinywa."

"Nani aliongea?"

"Mimi."

Ilimchukua muda kuelewa. Mbele, mwenyekiti alikuwa anawashukuru wakalimani.

"Aya yako ilikuwa inakufa," Mheshimiwa alisema kwa sauti ya chini, ya upole. "Wangeikataa leo saa hii, mbele ya wote, tukaondoka mikono mitupu. Nimechukua kilichopatikana. Kituo, jengo, bajeti ya miaka mitano, wataalamu. Nyumbani tutakuwa na kitu cha kuonyesha."

"Viwanda havina miaka mitano. Tozo inaanza mwezi wa kwanza."

"Vitazoea."

Mwenyekiti alikuwa ameifikia ibara yenye aya ya saba. Akauliza kama kuna pingamizi. Kwa kanuni za pale, anayepinga husimamisha kibao chenye jina la nchi yake, na hapo hapo kazi inasimama mpaka asikilizwe. Mama Mabano alinyoosha mkono, akakisimamisha kibao.

Mheshimiwa aliweka kiganja chake juu ya kibao na kukilaza taratibu, kama mtu anayefumba macho ya marehemu. Hakukasirika. Alitabasamu hata, kwa ajili ya watu wa safu za jirani.

"Dada, usitutie aibu," alisema.

Kitufe cha kipaza sauti kilikuwa hapo hapo mezani, karibu na kidole chake cha shahada. Kukibonyeza ni kazi ya kufumba na kufumbua. Angesema sentensi moja tu, wakalimani wangeibeba katika lugha sita, na wajumbe wa zile nchi arobaini na moja wangegeuza shingo. Angefukuzwa kazi, pengine siku hiyo hiyo. Alifikiria hayo yote. Alifikiria mkopo wa nyumba, na binti yake wa mwaka wa pili chuoni. Akafikiria pia kwamba labda Mheshimiwa anasema kweli, labda aya ingekufa hata hivyo. Wazo hilo lilikuwa laini, akaliegemea kwa sekunde mbili, tatu.

"Sioni pingamizi," alisema mwenyekiti, na nyundo ikagonga.

Ukumbi ukasimama kushangilia. Watu walikumbatiana. Mjumbe wa upande wa wanunuzi, yule mgumu, alikuja kumpa mkono. "Hongera kwa kituo," alisema, na usoni mwake mlikuwa na kitu kinachofanana na mshangao. "Kusema kweli, tulidhani mngekataa. Sisi tulikuwa tumeshajiandaa kukubali."

Kama alisema kweli au aliongea tu, Mama Mabano hakujua. Simu yake ilitetemeka mkobani mara nne. Alijua ni nani. Akaizima.

*

Nyuzi alimngoja mpaka alipokuja mwenyewe, siku ya tano baada ya kurudi. Hakuwa na kelele. Alimkaribisha sebuleni, wifi akaleta chai, kisha naye akakaa, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya bila kazi ya mkono.

"Redioni wanasema tumeshinda," Nyuzi alianza. "Wanasema tumepewa kituo."

"Ndiyo."

"Na aya?"

Akamweleza. Alieleza vizuri kwa sababu alikuwa amezoea kueleza: kanuni, shinikizo la saa za mwisho, kifungua kinywa cha Mheshimiwa. Nyuzi alisikiliza mpaka mwisho, mikono mikubwa yenye makovu ya moto ikiwa imetulia juu ya magoti.

"Wewe ulikuwapo ukumbini?"

"Nilikuwapo."

"Ukasema nini?"

Wifi alikitazama kikombe chake.

"Nilisimamisha kibao. Mheshimiwa akakilaza."

"Hapo nimesikia. Nauliza, ukasema nini?"

"Sikusema kitu, kaka."

Nyuzi alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya fundi aliyeonyeshwa sehemu iliyovunjika na kukubali kwamba kweli imevunjika. "Sawa," alisema. "Kunywa chai, inapoa."

Barua ya mnunuzi ilikuja mwezi wa pili. Ilikuwa ya heshima sana. Ilisema chuma chao ni kizuri, hakijapata kulalamikiwa, lakini kwa kuwa hakina cheti kinachotambuliwa kimepigiwa makisio, na kwa makisio hayo hakinunuliki. Ofisi ya viwango ilituma vipimo vyake vyenye muhuri. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, likinukuu makubaliano, aya ya saba, na kuwatakia kila la heri katika kujenga uwezo.

Kiwanda kilipunguza zamu kutoka tatu hadi mbili, kisha moja. Kikajaribu kuuza nondo kwa wajenzi wa hapa hapa, lakini soko la ndani lilikuwa limejaa bidhaa za bei ya kutupa, kutoka nchi ambazo nazo zilikuwa zimefungiwa mlango kule mpakani. Mwezi wa saba tanuri lilizimwa. Nyuzi ndiye aliyelizima, kwa sababu ndiye aliyejua kulizima bila chuma kugandia ndani na kuliharibu, ingawa hapakuwa tena na mtu wa kulihifadhia. Mwenye kiwanda alijitangaza muflisi. Waliobaki kwa ushauri wa Nyuzi, watu mia moja tisini na mmoja, waliambulia mshahara wa mwezi mmoja na nusu na barua za utambulisho.

Hawakumpiga Nyuzi, wala kumtukana. Fundi wa winchi alikuwa anakaa mtaa wa pili, na kila walipokutana, dukani au njiani, alisimama kabisa, akampa mkono, na kumuuliza kwa sauti ya kawaida: "Dada yako hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie sana."

Hivyo, kila siku, kwa miezi. Nyuzi akaanza kwenda dukani kwa njia ya kuzunguka.

Alipata kibanda kando ya barabara, akawa anachomelea mageti na nondo za madirisha. Mtu aliyekuwa akiamuru tani arobaini za chuma kinachochemka, sasa alikuwa anabishana na wateja juu ya maua ya geti, yapinde kushoto au kulia. Mama Mabano alimpelekea fedha mara mbili kwenye simu. Mara zote mbili zilirudi, bila neno.

*

Kituo cha Mafunzo kilifunguliwa mwaka uliofuata, jengo la vioo la ghorofa tatu, na Mama Mabano akateuliwa naibu mkurugenzi. Alikaa wiki nzima na barua ya uteuzi kabla ya kusaini. Alijiambia kwamba akikataa, kiti kitapewa mtu asiyejua tofauti ya tanuri na jiko la mkaa. Kwamba wakaguzi wakifundishwa haraka, viwanda vilivyobaki vitaokoka. Yote yalikuwa kweli. Mshahara pia ulikuwa mkubwa zaidi, na hilo nalo lilikuwa kweli. Akasaini.

Kozi ya kwanza ilikuwa na wanafunzi ishirini na wanne kutoka nchi tisa, na mwalimu wao alikuwa mkaguzi aliyeletwa kutoka upande wa wanunuzi, mwanamke wa makamo, makini, asiye na maringo. Wiki ya tatu alitaka mfano halisi. Alitaka kiwanda chenye kumbukumbu kamili za umeme na uzalishaji za miaka kadhaa, ili wanafunzi wafanye hesabu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Kipo chochote karibu?" aliuliza.

Mama Mabano alijua kimoja tu. Kilikuwa kimefungwa kwa kufuli la mfilisi, lakini kumbukumbu zilikuwapo, na mita ilikuwapo. Tena alimjua mtu mmoja tu awezaye kuwaeleza kitu kwa kitu. Aliomba msaidizi wake ampigie simu kwa niaba ya kituo, kwa sababu yeye mwenyewe hakuthubutu. Alitarajia atakataa. Nyuzi alikubali.

Alikuja amevaa ovaroli iliyofuliwa na kupigwa pasi. Aliwasalimia wanafunzi wote, mmoja mmoja, na alipomfikia naibu mkurugenzi akampa mkono vile vile, kwa muda ule ule. Kisha, mfilisi akiwa amewafungulia, akawazungusha kiwandani. Paa lilikuwa limeanza kuvuja, njiwa wamejenga kwenye reli ya winchi, na tanuri lenyewe lilisimama kimya, limeshika kutu ubavuni. Aliwaeleza jinsi chakavu kinavyopangwa, chepesi chini na kizito juu yake. Jinsi mlio unavyobadilika chuma kinapoanza kuyeyuka. Mita ilipofungwa na kwa nini ilifungwa pale na si kwingine. Alieleza kwa mpangilio mzuri hata mwalimu akaacha kutafuta maneno yake mwenyewe akawa anaandika ya Nyuzi.

Mchana wakapiga hesabu, kwenye meza ndefu ya iliyokuwa ofisi ya zamu. Walichukua uniti za umeme, tani zilizomiminwa, nguzo zilizoungua. Mwalimu alizunguka akiwasahihisha. Mwisho akaandika jibu ubaoni, akalitazama, akarudia hesabu upya mwenyewe, akapata jibu lile lile.

"Hii ni sehemu moja ya saba ya makisio," alisema. "Nimekagua viwanda zaidi ya sitini, na hiki kimo katika vitatu vilivyo safi kuliko vyote." Akamgeukia Nyuzi kwa furaha ya kweli. "Kwa cheti cha kiwango hiki mngeuza popote duniani, na tozo msingeisikia. Kwa nini kilifungwa?"

Wanafunzi wawili watatu walikuwa wa humu humu nchini, na walijua. Mama Mabano aliinamia karatasi za hesabu.

"Soko lilibadilika," alisema Nyuzi.

Alikunja miwani yake ya macho, akaitia mfukoni, akauliza kama wanamhitaji tena au wamemaliza. Mwalimu alimshukuru mara nyingi. Msaidizi alimpa fomu ya posho, akaisaini, akachukua nauli yake tu na posho akairudisha. Akatoka kwa mguu kuelekea barabarani. Mama Mabano alimfuata mpaka kwenye geti, akamwita, "Kaka." Nyuzi aligeuka, akangoja kwa adabu aone anatakiwa nini. Na yeye, mtu aliyezungumza mbele ya mataifa mia na tisini, akakosa la kusema. Nyuzi akaaga na kwenda zake.

Alikwenda kwao miezi mitatu baadaye, siku ya Jumapili, kwa sababu alikuwa amepata habari nzuri na hakujua mwingine wa kumpelekea. Aya ya saba, ile ya zamani, yenye neno "vitambuliwe", ilikuwa imerudishwa mezani na kundi la nchi kumi na mbili. Safari hii wanunuzi wenyewe hawakuwa na neno. Ikienda vizuri, ingeanza kutumika baada ya miaka mitatu.

Aliyasema hayo sebuleni, ameketi kwenye ncha ya kiti. Nyuzi alikuwa anarekebisha mpini wa pasi ya wifi kwa bisibisi ndogo.

"Vizuri," alisema. "Itawasaidia wengine."

Alimaliza kukaza skrubu, akaijaribu pasi kwenye umeme, akaona taa imewaka, akaichomoa. Kisha akasema kuna mteja anamsubiri na geti lake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Wifi alimsindikiza. Walitembea mpaka kwenye kona, pale gari lilipoegeshwa kwenye kivuli cha ukuta. Wifi alikuwa na sindano tatu zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi, na alizipapasa kwanza moja moja, kama anayehesabu, kabla ya kufungua kinywa.

"Wifi, mimi sikufukuzi. Hapa ni kwenu."

"Najua."

"Lakini ukija, njoo kama ndugu. Habari za mikutano ziache huko huko. Ukiondoka, anakaa siku mbili hajasema neno, na mimi ndiye ninayekaa naye."

Mama Mabano aliitikia kwa kichwa. Akaahidi. Akaingia garini, akafunga mkanda, akakaa mikono ikiwa kwenye usukani, akijaribu kukumbuka zamani, kabla ya rasimu na mita na makisio, yeye na kaka yake walikuwa wakizungumza nini Jumapili. Lazima kulikuwa na kitu. Walikuwa watu wa kucheka. Alitafuta kwa muda mrefu, wifi akiwa bado amesimama pale pembeni akingoja kumpungia mkono, na hakupata hata kimoja.